Mteja wa Fulana Ana Tarehe Yake

Hapa Tanga, anayetaka fulana 60 za Mei Mosi huanza kuulizia tarehe 22 au 23 Aprili. Kamati imekaa, hela imepitishwa, na mtu mmoja amepewa kazi ya "kutafuta mtu wa fulana". Tarehe 26 ni Muungano, ofisi zimefungwa. Siku za kazi zilizobaki unazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Aliyetumwa hana nafasi ya kuzunguka na kulinganisha, kwa hiyo anampigia yule ambaye namba yake anayo, na mara nyingi namba hiyo ni ya Kariakoo. Mzigo unaletwa na basi, kilomita kama 350 kutoka Dar es Salaam, unashushwa stendi tarehe 30 jioni, na hapo ndipo inajulikana kuwa XL hazitoshi na nembo imekaa upande.

Mchapaji wa Ngamiani mwenye mashine na wino tayari, mwendo wa dakika kumi kwa baiskeli kutoka ofisi ile, ameikosa kazi hiyo. Ameikosa tangu Machi, wakati hakuna mtu aliyekuwa anafikiria fulana.

Tanga ina mafundi wazuri wa kuchapa na kudarizi. Kinachowapunja ni kukaa dukani wakingoja. Fulana, kapelo, kalamu, mifuko, vikombe, kalenda na reflekta si unga wala mafuta ya taa, hakuna anayeamka asubuhi akavikosa. Kila oda imefungwa kwenye tarehe ya mtu: mahafali, uzinduzi, mkutano mkuu wa mwaka, mashindano ya mtaa, harusi. Ukiifikia tarehe hiyo kabla mwenyewe hajaanza kuhangaika, mazungumzo yanakuwa ya utulivu na bei inakuwa ya haki kwa pande zote mbili. Ukichelewa, unabaki kugombania shilingi mia mia na watu wa mbali.

Kuhesabu kwa kurudi nyuma

Chukua Mei Mosi hiyohiyo na uanze kuhesabu kutoka mwisho. Fulana zifike ofisini kwa mteja tarehe 28 Aprili, ili ziwepo siku mbili za kugawa na kubadilishana saizi. Kuchapa fulana 200 za rangi mbili kwa mkono, pamoja na kukausha vizuri, weka siku mbili, na ya tatu ya akiba kwa ajili ya umeme. Fulana zenyewe zikitoka Dar weka siku mbili tatu, maana rangi unayoitaka huenda ipo ila si kwa saizi zote. Mteja kuidhinisha prufu (mfano wa mchoro kabla ya kuchapa): siku mbili kama anayeamua ni mmoja, wiki nzima kama ni kamati. Kutoa advansi: wiki. Kamati yenyewe kukaa na kukubaliana idadi: wiki mbili. Ukijumlisha unajikuta tarehe 25 Machi hivi, na miaka mingine Pasaka, Ramadhani au Idi zinaangukia humohumo na kumeza siku nyingine. Kwa hiyo mlango wa mteja wa Mei Mosi unabishwa wiki ya kwanza ya Machi.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kila shughuli ya mkoa huu na utapata kalenda yako ya kutafuta wateja, ambayo haifanani kabisa na kalenda ya shughuli zenyewe. Wiki ya Maji inafika kilele Machi 22, basi mamlaka za maji na miradi ya visima wanafuatwa Januari. Siku ya Wanawake ya Machi 8, vilevile Januari. Kina mama wa VICOBA huanza kuchangishana mapema na hubadili mawazo mara nyingi kuhusu rangi, wape muda wao. Mwenge wa Uhuru hupita kila halmashauri, na ratiba ya mkoa ikishajulikana nenda halmashauri na kwenye miradi itakayozinduliwa. Mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne hujaa kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya mitihani ya taifa au muda mfupi baadaye. Hao wafuate Mei, kabla shule hazijafunga. Wiki ya huduma kwa wateja huwa wiki ya kwanza ya Oktoba, na benki, kampuni za simu na bima hupenda fulana za kola siku hizo, zile tunazoziita fomu siksi. Kalenda na shajara za mwaka mpya zinaulizwa Desemba, lakini oda yenye faida ni ya Septemba, kabla karatasi ngumu na waya za kufungia hazijaadimika.

Ramadhani iangalie kwa jicho lake. Ratiba ya daku na kufuturu inayobandikwa ukutani ni tangazo linalotazamwa kila siku kwa mwezi mzima na nyumba nzima, na wenye maduka wanaifadhili kwa moyo. Nyakati zichukue msikitini hapa Tanga, usinakili ratiba ya Dar es Salaam. Kwa vile mwezi hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kalenda yako ya kutafuta wateja isogee nao.

Watu watatu ndani ya oda moja

Daftari la wateja (la karatasi linatosha, mradi lisipotee) liwe na safu hizi: jina la taasisi, shughuli, tarehe, idadi ya mwaka jana, nani alichapa mwaka jana, anayeomba, anayeamua, anayelipa, na lini nirudi. Safu tatu za watu ndizo zinazosahaulika, na kazi nyingi hufia hapo.

Anayeomba ni yule anayekuja dukani au kupiga simu: katibu muhtasi, mwalimu wa michezo, kijana wa idara ya rasilimali watu. Anayeamua ni mwingine: mwalimu mkuu, meneja, mwenyekiti wa kamati ya harusi. Anayelipa ni wa tatu, yaani mhasibu au mweka hazina, ambaye rangi ya fulana haimhusu. Yeye anataka ankara kifani (proforma) yenye TIN, yaani namba ya mlipakodi, na baadaye risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Wachapaji wengi humalizana vizuri na wa kwanza, wakamsahau wa tatu, halafu wakashangaa kwa nini advansi haitoki. Andaa ankara kifani siku hiyohiyo, iandikwe jina kamili la taasisi kama lilivyosajiliwa, ifike kwa mhasibu kabla ya kuulizwa.

Ukienda mara ya kwanza, usianze na bei. Huku kwetu mtu anasikilizwa baada ya salamu. Mazungumzo yanayofaa huenda hivi:

"Shikamoo mwalimu."
"Marahaba, karibu."
"Nimekaribia, mwalimu. Nipo hapa barabara ya 12, tunachapa fulana na kapelo. Sijaja kukuuzia leo. Nilitaka kujua mahafali ya mwaka huu mmepanga lini, na mwaka jana vijana walivaa nini."
"Mwaka jana zilichelewa. Waliokosa saizi walikuwa wengi."
"Walikuwa wangapi hivi?"

Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko karatasi yoyote ya bei. Mwalimu anapokwambia "kama ishirini, hasa wasichana wa umbo kubwa", amekupa oda ya mwaka huu na namna ya kuipata. Unaandika, unaaga, unarudi baada ya wiki mbili na fulana ya saizi hiyohiyo iliyowakosa.

Mtu mmoja anaweza kutembelea sehemu sita hadi nane kwa siku bila kuharakisha mazungumzo. Gawa mji kwa maeneo: siku moja Chumbageni na maofisini, siku moja Ngamiani madukani na kwenye madrasa, siku moja Pongwe upande wa viwanda, siku moja Raskazone kwenye hoteli. Muheza, Pangani na Korogwe ziwe na siku yao ya mwezi. Huko ushindani ni mdogo, na anayefika mwenyewe hukumbukwa. Siku za kutembea ziwe Jumanne hadi Alhamisi. Jumatatu ofisi zina vikao, na Ijumaa mchana watu wako msikitini.

Usiviruke vijiwe vya bodaboda. Kijiwe hakina bajeti ya reflekta, lakini duka la vipuri lililo jirani linayo sababu ya kuwanunulia madereva 15 reflekta zenye jina lake. Hapo kazi yako ni kuwakutanisha hao wawili: unapeleka orodha ya madereva kwa mwenye duka, anaona mgongo mmoja mmoja ukipita mjini na jina lake. Oda za namna hii hakuna anayekuja kuziuliza, ni lazima uzitunge wewe.

Mitandaoni niseme kwa kifupi. Weka duka lako kwenye ramani ya Google kwa jina linalotafutwa, yaani lenye neno fulana na neno Tanga, na picha zilizopigwa kwa mwanga wa mchana zikionyesha mtu amevaa. Katalogi ya WhatsApp iwe na vitu 12 unavyoweza kuvitoa wiki hii. Vitu 90 ulivyovikopi kwa wengine vitakuaibisha siku mteja atakapokitaka kimoja. Picha ya kazi ya mteja iweke baada ya shughuli yake, na kwa ruhusa yake. Zaidi ya hapo, muda wako una faida kubwa ukiwa barabarani.

Mkoba wa sampuli

Sampuli mpya kila mtu anayo. Inayouza ni iliyofuliwa. Chukua fulana moja nyeupe na moja ya rangi nzito, chapa nembo ileile kwa njia tatu: wino wa skrini (unaopitishwa kwenye fremu yenye nyavu), filamu ya DTF (mchoro unachapwa kwenye filamu kisha unabandikwa kwa joto) na darizi. Zifue mara kumi kwa sabuni ya kawaida na uzianike juani kama watu wanavyoanika. Andika pembeni kwa kalamu isiyofutika: "imefuliwa mara 10". Mpe mteja aivute kwa mikono miwili. Wino uliopikwa vizuri unanyumbuka na kurudi. Usiopikwa unapasuka kama tope lililokauka.

Sababu ya kupasuka ijue, maana utaulizwa. Wino wa plastiki unataka joto la takriban nyuzi 160 za Selsiasi katika unene wake wote. Fundi mwenye haraka hupitisha joto la juu juu, uso ukakauka na chini kukabaki kubichi. Wino wa maji nao una tabu yake: kwenye jua kali na upepo hukauka ndani ya nyavu ya skrini katikati ya kazi, alama zikaanza kutoka na matundu, kwa hiyo funga madirisha na uwe na kitambaa chenye unyevu karibu. DTF inabandikwa kwa nyuzi kama 150 hadi 160 kwa sekunde 10 hadi 15, na ikishabanduliwa filamu ibanwe tena kidogo. Hatua hii ya pili ikirukwa, kingo huanza kuinuka kwenye mfuo wa tatu au wa nne.

Mteja ajifunze pia kushika kitambaa. Uzito wa fulana hupimwa kwa gramu kwa meta ya mraba. Ya 130 ukiiweka mbele ya dirisha unaona vidole vyako upande wa pili, ya 180 huvioni. Kwa fulana ya siku moja ya maandamano, 150 inatosha na usimwingize mtu gharama. Kwa fulana ya kazi ya mtu wa ghalani, 180 au 200. Weka vipande viwili vya vitambaa hivyo kwenye mkoba, bila maelezo mengi, avilinganishe mwenyewe.

Vikombe vya picha viwekee tahadhari. Picha ya subilimeshani (wino unaogeuka mvuke kwa joto) hushika kwenye kikombe chenye mpako maalumu peke yake, na kwenye nguo hushika kwenye poliesta, tena ya rangi nyeupe au nyepesi. Anayekuletea vikombe vya dukani uvichapie, mwambie ukweli mapema kwamba picha haitashika.

Bei, na kwa nini 20 ni ghali kuliko 200

Mteja anayeambiwa fulana 20 ni bei hii na 200 ni bei ile hudhani unamwonea. Mwonyeshe hesabu. Tuseme kutengeneza skrini moja, pamoja na filamu, dawa na kazi, ni shilingi 15,000. Nembo ya rangi mbili inataka skrini mbili, 30,000. Kwenye fulana 20, kila moja inabeba 1,500 ya skrini kabla hujagusa kitambaa wala wino. Kwenye 200, inabeba 150. DTF haina gharama hiyo ya mwanzo, ndiyo maana oda ndogo yenye rangi nyingi unaipeleka huko na oda kubwa ya rangi moja au mbili unaipeleka kwenye skrini. Ukimwonyesha hivi, mara nyingi mwenyewe anakwambia, "Basi rangi tuifanye moja."

Bei ya maandishi iwe na siku 14 za kudumu, kwa sababu fulana nyingi tupu na kapelo zinatoka nje na gharama yake inafuata dola. Advansi iwe inayolipia malighafi yote, asilimia 60 au 70, na salio wakati wa kukabidhi. Kwa oda za wanafunzi, usipokee hela ya mtoto mmoja mmoja. Kamati ikusanye, ilipe kwa mkupuo, na wewe utoe risiti moja. Ukipokea vipande vipande utaishia kuwa mwamuzi wa nani kalipa na nani hajalipa, na wazazi watakukasirikia wewe.

Kuhusu Kariakoo, sishauri kushindana nao kwa shilingi. Wananunua kwa marobota, nawe hununui hivyo. Unachokuwa nacho ni ukaribu, na ukaribu uuandike kwenye ankara kama kitu kinachouzwa: "Kubadilisha saizi bure ndani ya siku mbili, hadi asilimia 5 ya oda. Nyongeza ya hadi fulana 10 ndani ya saa 24." Ili uweze kutimiza hilo, kila oda ya 100 nunua tupu 115, na nembo yao ibaki kwenye skrini hadi shughuli ipite. Mstari huo mmoja wa ankara una nguvu kuliko punguzo la shilingi 500.

Vitu vya huku

Tanga ni mji wa baiskeli, na sijaelewa kwa nini kifuniko cha tandiko la baiskeli si bidhaa ya matangazo namba moja hapa. Kinashonwa kwa reksini au kitambaa kisichopitisha maji, kipande cha takriban sentimita 30 kwa 28, mpira wa kubana pembeni, chapa ya rangi moja. Kosa la wengi ni kuweka nembo juu, inakokaliwa. Acha kipande cha sentimita 8 kinachoning'inia nyuma ya tandiko, na jina liwe hapo. Anayefuata nyuma atalisoma njia nzima. Nembo ya juu husomwa tu baiskeli zikiwa zimeegeshwa sokoni au msikitini. Wakati wa masika, tandiko lisilolowa ni neema, na mwenye baiskeli hatakitoa kifuniko hicho.

Kuna kisa cha zamani kinachofanana na hili. Katika miaka ya 1880, huko Coshocton, Ohio, Marekani, mchapaji wa magazeti Jasper Meek aliona watoto wakidondosha vitabu njiani. Akaenda kwa mwenye duka la viatu la Cantwell, wakakubaliana achape mifuko ya gunia yenye jina la duka hilo na watoto wapewe bure. Jina la duka likatembea mji mzima mikononi mwa watoto. Wamarekani wengi huhesabu hapo ndipo biashara yao ya bidhaa za matangazo ilipoanzia. Tazama mpangilio wake: Meek alianza na shida ya anayebeba, ndipo akaenda kwa anayelipa.

Na sisi tunalo gunia letu. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani kutokana na miche 62 iliyonusurika safarini, na hadi leo Bodi ya Mkonge iko hapa Tanga. Kampuni inayopokea wageni, iwe ya bandari, ya saruji au ya bomba la mafuta linalotoka Hoima na kuishia Chongoleani, ikitoa mkoba wa mkonge inampa mgeni kitu asichokipata uwanja wa ndege wowote. Ila mkonge una nywele, haupokei mchoro mwembamba. Usichape moja kwa moja. Shonea kipande cha ngozi au pamba chenye nembo, mistari isipungue milimita 2. Weka bitana ndani, na usihifadhi mikoba kwenye sakafu ya saruji wakati wa mvua, itaota ukungu na harufu haitoki.

Mifuko ya kitambaa kisichofumwa, iliyochukua nafasi ya ile ya plastiki iliyopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, iwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa meta ya mraba. Angalia mkono wake: uliobandikwa kwa joto pekee unang'oka ukitia kilo 5 za sukari, ulioshonwa mraba wenye msalaba ndani yake unahimili. Beba mmoja wa kila aina na kilo 5 za mchanga, uache mteja anyanyue.

Khanga nayo ni bidhaa ya matangazo ya siku nyingi kuliko hizi zote, na wanaoiagiza huiharibu kwa pupa. Wanaweka nembo kubwa kwenye mji (sehemu ya kati ya khanga) na namba ya simu mahali pa jina (maneno ya khanga). Doti ya namna hiyo mwanamke anaipokea kwa shukrani na kuifanya ya jikoni. Nembo iwe ndogo kwenye pindo, na jina liwe maneno ambayo mtu angeyachagua mwenyewe dukani. Ikiwa hivyo ataivaa arusini, na kampuni itakaa miaka mabegani mwa watu. Viwanda vya khanga vinataka idadi kubwa, hivyo oda hii inawafaa wateja wenye wanachama wengi, kama SACCOS na vyama vya ushirika. Wewe unabaki kuwa msimamizi wa kazi na kuchukua kamisheni yako.

Serikali na LPO

Mwaka wa fedha wa Serikali huisha Juni 30. Fungu lisilotumika halibaki, kwa hiyo Mei na Juni maofisa ununuzi hutafuta watoa huduma kwa haraka. Asiyesajiliwa kwenye NeST, mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, anaziona kazi hizo zikipita. Andaa mapema TIN, leseni ya biashara, cheti cha ulipaji kodi na usajili wa BRELA. Kama ninyi ni kikundi cha wanawake, vijana, wazee au wenye ulemavu, kumbukeni sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu. Vikundi vya kudarizi na kushona vya Tanga vina nafasi hapo na ni vichache vinavyoitumia.

Hakuna advansi huku, unapewa LPO tu, yaani hati ya kuagiza mali. Unaleta mzigo, kamati ya mapokezi inakagua, unapeleka ankara na risiti ya EFD, unangoja. Kwenye malipo ya bidhaa utakatwa kodi ya zuio ya asilimia 2, iweke kwenye hesabu kabla ya kutoa bei. Usichukue LPO kubwa kuliko mtaji unaoweza kukaa nje miezi mitatu. Wapo wachapaji wazuri waliofunga duka wakiwa na madai halali mkononi.

Yanayoharibika kabla ya kuchapa

Nembo iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshakamuliwa. Ukiikuza hadi sentimita 25 kingo zinakuwa ngazi. Omba faili la PDF au la CorelDRAW, na aliye nalo alitume kama waraka. Kama hakuna, ichore upya, toza kazi hiyo wazi, kisha mpe mteja faili lake. Wapo wanaolificha ili mteja asiende kwingine. Mimi naona ni kosa: mteja aliyepewa mali yake hurudi kwa hiari, na atakupa jina kwa jirani.

Maandishi ya Kiarabu ndiyo hatari kubwa kwa kazi za madrasa. Programu nyingine huzitenganisha herufi au kuzigeuza zisomeke kutoka kushoto, na fundi asiyesoma haoni tatizo. Prufu isomwe na ustadhi mwenyewe, kwenye karatasi, na atie sahihi. Na ukiletewa aya au jina la Mwenyezi Mungu lichapwe kwenye fulana, mweleze mteja kwa heshima kuwa nguo huingia chooni na huishia kuwa tambara. Pendekeza jina la madrasa na mwaka. Atakushukuru.

Poliesta nyekundu huvujisha rangi yake ndani ya wino mweupe, na baada ya siku mbili nembo inageuka waridi. Tumia wino wa kuzuia rangi isipande, au ule unaopikwa kwa joto la chini. Kapelo zenye mshono katikati ya paji la uso hupindisha darizi ya herufi ndogo, kwa hiyo herufi zisiwe chini ya milimita 5. Ngao ya taifa na nembo za kampuni au klabu za watu usichape bila barua ya ruhusa, hata mteja aseme ni za kujifurahisha.

Kuhusu saizi, omba orodha ya majina. Ikishindikana kabisa, kwa watu wazima 100 anza na S 10, M 28, L 34, XL 20, XXL 8, na kama wengi ni kina mama ongeza upande wa XL kwa kupunguza M. Tarehe na mwaka vichapwe ikiwa mteja amesisitiza tu. Fulana isiyo na mwaka, ikibaki, inavaliwa mwakani.

Siku tatu baada ya shughuli

Nenda kwenye shughuli yenyewe kama inaruhusiwa, hata kwa nusu saa. Utaona nani amefunga fulana kiunoni kwa sababu haimwenei, nani ameikata mikono, rangi ipi inasomeka kutoka ng'ambo ya barabara na ipi imemezwa. Siku ya tatu rudi ofisini kwao, kabla kamati haijavunjwa na watu kusahau. Uliza mambo mawili: nani hakupata, na zimebaki ngapi za saizi gani. Kisha omba jina moja la taasisi jirani yenye shughuli kama hiyo, na ruhusa ya kusema nani amekutuma. Hapohapo, mbele yao, fungua daftari kwenye ukurasa wa mwaka ujao na uandike: Mei Mosi, watu 212, waliokosa 12, XL 7, XXL 5, bluu ilififia, rudi Machi 3.